Fedha ya Laurion: Jinsi Athens Ilivyomiliki Migodi Bila Kuichimba

Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa vitu viwili: madini meupe ambayo sonara hufulia bangili na vikuku, na pesa ya aina yoyote, hata ile ya karatasi. Wagiriki wa kale nao walikuwa hivyo. Neno lao argyrion lilitaja madini yenyewe na papo hapo likataja pesa, na katika mji wa Athens maana hizo mbili zilitenganishwa na hatua chache tu za kazi, kwa kuwa jiwe lililochimbwa katika vilima vya Laurion liliweza kufika mkononi mwa muuza samaki sokoni likiwa sarafu, bila kuvuka mpaka wa nchi. Migodi hiyo hutajwa karibu kila inaposimuliwa historia ya Athens, lakini aghalabu hutajwa kwa sentensi moja: kwamba Athens ilikuwa na fedha, ikajenga merikebu, ikawashinda Waajemi. Sentensi hiyo ni ya kweli, ila inaliruka swali gumu zaidi, yaani fedha hiyo ilikuwa ya nani. Shamba la juu lilikuwa la mtu binafsi, shimo lilikuwa la umma, mchimbaji alikuwa mtumwa wa mtu wa tatu, mtaji mara nyingi ulikopwa kwa mtu wa nne, na hata hivyo mji mzima uliishi kwa matunda yake. Nia ya makala haya ni kufumua fundo hilo.

Laurion iko kusini-mashariki mwa Attica, nchi inayouzunguka mji wa Athens, karibu na rasi ya Sounion lilipo hekalu la Poseidon, kiasi cha kilomita 60 kutoka Athens kwa barabara ya leo. Ni nchi ya vilima vikavu, yenye mvua haba na udongo mwembamba, isiyomlipa mkulima vizuri. Chini yake miamba imepangana kwa matabaka ya marumaru na shisti, na madini yamejikusanya hasa pale tabaka moja linapokutana na jingine. Makutano yaliyo chini zaidi ndiyo yenye utajiri mkubwa, lakini hayaonekani kwa mtu anayetembea juu, na ndiyo maana watu walichimba eneo hilo kwa muda mrefu sana kabla ya kujua walichokuwa wamekikalia. Huko Thorikos, kwenye pwani ya mashariki, kuna mgodi ambao ulianza kufanyiwa kazi yapata mwaka 3000 KK. Fedha yenyewe haichimbwi ikiwa safi. Imo ndani ya madini ya risasi, hasa galena, jiwe zito la kijivu lenye mng'ao, na kiasi chake ni kidogo mno kikilinganishwa na risasi inayoibeba. Kila gramu ya fedha ya Athens kwa hiyo ilizaliwa pamoja na mzigo mkubwa wa risasi na moshi wake, jambo ambalo tutalirudia.

Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 483 KK, wakati wachimbaji walipofikia mkondo tajiri mahali palipoitwa Maroneia. Maandishi ya shule ya Aristotle kuhusu katiba ya Athens yanasema kwamba mji ulijikuta na ziada ya talanta 100. Talanta moja ya Athens ilikuwa na uzito wa takriban kilo 26 za fedha, nayo ilihesabiwa kuwa drakma 6,000, kila drakma ikiwa na oboli 6. Kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya tani mbili na nusu za fedha. Ushauri wa kwanza uliotolewa katika mkutano wa wananchi ulikuwa kuigawa. Wazo hilo halikuwa la ajabu. Watu wa kisiwa cha Siphnos, kwa mujibu wa mwanahistoria Herodotus, walikuwa wakigawana kila mwaka mapato ya migodi yao ya dhahabu na fedha, na sehemu ya kumi wakaijengea hazina yao ya marumaru huko Delphi. Kwa mawazo ya Wagiriki, mali ya umma ilikuwa mali ya raia kwa maana ya karibu kabisa, kama vile mali ya ukoo ilivyo ya wanaukoo, na kugawana mavuno ilikuwa haki.

Themistocles, mwanasiasa wa Athens, alipinga. Herodotus anasimulia kwamba kila raia angepata drakma 10, na kwamba Themistocles aliwashawishi waache mgawo huo na kujenga merikebu 200 kwa ajili ya vita na kisiwa jirani cha Aegina. Maandishi ya shule ya Aristotle yanataja merikebu 100, tena yanaeleza njia iliyotumika: talanta moja ilikopeshwa kwa kila mmoja wa matajiri 100 wa Athens, kwa sharti kwamba kama matumizi yatawaridhisha wananchi, gharama itakuwa ya mji, na kama hayatawaridhisha, wakopaji watairudisha. Hesabu za masimulizi haya mawili hazilingani, na sioni haja ya kuzilazimisha zilingane. Lililo wazi katika yote mawili ni kwamba miaka mitatu baadaye, mwaka 480 KK, Athens iliingia katika mlango-bahari wa Salamis ikiwa na kundi kubwa la merikebu kuliko mji mwingine wowote wa Kigiriki. Katika tamthilia ya Aeschylus kuhusu vita hivyo, malkia wa Uajemi anapouliza kama Waathene wana mali ya kutosha, hujibiwa kwamba wanayo chemchemi ya fedha, hazina ya ardhi yao.

Namna talanta zile 100 zilivyotumika inatuonyesha tabia ya mfumo mzima. Mji haukuajiri mafundi wala kufungua karakana. Uliwapa watu binafsi jukumu, ukabakiza kwake haki ya kukagua. Hivyo hivyo ndivyo ulivyoendesha migodi yenyewe. Tofauti na ilivyokuwa katika baadhi ya falme za baadaye, Athens haikuwa na kampuni ya umma wala jeshi la wachimbaji wake. Ilikuwa na kitu chepesi zaidi na chenye nguvu zaidi, nacho ni daftari.

Msingi wa mfumo ulikuwa kwamba haki ya kuchimba ilitoka kwa umma, hata pale ambapo ardhi ya juu ilikuwa shamba la mtu. Msomaji wa Tanzania hatashangazwa na hilo, kwani kwetu pia sheria hutenganisha haki ya ardhi na haki ya madini yaliyo chini yake. Huko Athens waliokabidhiwa kazi ya kuikodisha haki hiyo waliitwa poletai, neno lenye maana ya wauzaji. Walikuwa maofisa 10, mmoja kutoka kila kabila la kiraia, waliochaguliwa kwa kura ya bahati kwa mwaka mmoja. Hawakuwa na uhuru wa kukodisha wapendavyo: walifanya kazi pamoja na mtunza hazina ya jeshi na wasimamizi wa mfuko wa sherehe, mbele ya Baraza la watu 500, na Baraza ndilo lililothibitisha kwa kuinua mikono. Mgodi uliokuwa tayari unafanya kazi ulikodishwa kwa miaka 3. Jina la mkodishaji na bei viliandikwa kwenye mbao zilizopakwa chokaa, zikapangwa kwa kufuata tarehe za malipo, zikatunzwa na mtumwa wa umma, na siku ya malipo ilipofika zilipelekwa kwa wapokeaji wa mapato, ambao walifuta deni lililolipwa mbele ya Baraza. Deni lisilofutwa lilibaki likisomeka, na mwenye deni kwa umma alipoteza haki zake za uraia hadi atakapolipa.

Mbao hizo zimeoza zamani, lakini mji ulikuwa na desturi ya kuchonga muhtasari wa mauzo hayo kwenye mawe. Vipande vya mawe hayo vimefukuliwa katika Agora, soko la kale la Athens, na kumbukumbu ya mapema iliyo kamili zaidi ni ya mwaka wa 367/6 KK. Kuyasoma ni sawa na kusoma rejesta ya ofisi ya madini. Kila mgodi una jina, mara nyingi la mungu, kama vile Artemisiakon kwa heshima ya Artemi. Hutajwa mahali ulipo, mipaka yake kwa pande zote, mwenye shamba la juu, aliyeuandikisha, aliyeukodisha na bei. Hutajwa pia aina ya mgodi, kwa sababu shimo linaloendelea kuchimbwa, shimo la zamani linalofufuliwa na shimo jipya kabisa havikuwa jambo moja machoni pa sheria. Bei nyingi ni ndogo kiasi cha kustaajabisha: drakma 20 hapa, drakma 150 pale, wakati fundi wa kawaida alipata drakma moja au zaidi kidogo kwa siku. Wapo pia waliolipa maelfu.

Kwa nini mji ukodishe utajiri wake kwa bei ya chini hivyo? Jibu, kwa maoni yangu, liko katika asili ya uchimbaji wenyewe. Anayefungua shimo jipya katika marumaru huchimba kwa miezi mingi, pengine kwa miaka, kabla ya kujua kama chini kuna mbale, yaani jiwe lenye madini, yenye fedha au kuna mwamba mtupu. Xenophon, aliyeandika kuhusu mapato ya Athens karibu na mwaka 355 KK, anasema wazi kwamba mashimo mapya yalikuwa machache siku hizo kwa sababu watu walikuwa wamefukarika, na anayepata hutajirika ilhali asiyepata hupoteza kila alichotumia. Kodi kubwa ya awali ingewafukuza watu wa namna hiyo. Mji ulikwenda mbali zaidi ukatoa msamaha: mali iliyowekezwa katika migodi haikuhesabiwa pale ilipoamuliwa nani ana utajiri wa kutosha kubebeshwa huduma za lazima kwa umma, kama vile kugharimia merikebu ya vita au kwaya ya sherehe. Tajiri aliyeingiza pesa zake chini ya ardhi ya Laurion alikuwa amepata kivuli.

Lakini mkono uliofungua mlango kwa ukarimu ulikuwa mkali kwa anayevunja masharti. Sheria ya migodi ilimruhusu raia yeyote kumshtaki mtu anayechimba mgodi usioandikishwa. Ilikataza kumfukuza mwenzako kazini, kuingia na silaha, kuwafukizia wengine moshi chini ya ardhi, na kuchimba kupita mpaka hadi ndani ya eneo la jirani. Kesi za migodi ziliwekwa katika kundi la kesi za haraka, sambamba na zile za biashara ya baharini, kwa kuwa shimo lililosimama kwa sababu ya ugomvi halimnufaishi yeyote. Kosa lililochukuliwa kuwa zito kuliko yote lilikuwa kuondoa nguzo. Wachimbaji waliacha vipande vya mwamba bila kuvikata ili viushikilie paa la mgodi, na nguzo hizo nazo zilikuwa na madini, kwa hiyo kishawishi cha kuzila kilikuwepo daima. Katika miaka ambayo Lycurgus alisimamia fedha za mji, baada ya 338 KK, mtu aitwaye Diphilus alishtakiwa kwa kosa hilo, akahukumiwa kifo, na mali yake, iliyofika talanta 160 kwa mujibu wa simulizi lililohifadhiwa pamoja na maandishi ya Plutarch, ikagawiwa raia, drakma 50 kwa kila mmoja. Kiasi hicho kinatuambia pia jinsi mtu mmoja alivyoweza kutajirika chini ya ardhi ya umma.

Mashtaka kama hayo yangeweza kugeuka uwindaji wa matajiri, na Waathene wenyewe waliiona hatari hiyo. Msemaji Hyperides anasimulia kesi ya Epicrates wa Pallene, aliyeshtakiwa kwamba mgodi wake umeingia ndani ya mipaka isiyo yake. Alikuwa ameuchimba kwa miaka mitatu, na washirika wake walikuwa karibu matajiri wote wa mji. Mshtaki aliwaahidi majaji kwamba hukumu itauingizia mji talanta 300. Majaji, ambao ni raia wa kawaida na ambao wangeweza kunufaika na pesa hizo, waliamua kwamba mgodi ni halali wa wenyewe. Hyperides anaongeza kwamba baada ya hukumu hiyo watu waliokuwa wameacha kufungua mashimo mapya kwa woga walirudi kazini. Mimi huiona kesi hii kuwa kielelezo bora zaidi cha uongozi wa Laurion kuliko hadithi ya Themistocles, kwa sababu hapa hapakuwa na kiongozi mashuhuri wa kuwashawishi watu waache pesa ya leo. Waliiacha wao wenyewe.

Jinsi pesa zilivyozunguka kati ya shimo na mji inaonekana vizuri katika kesi nyingine, ile ambayo Demosthenes aliiandikia hotuba karibu na mwaka 346 KK. Pantaenetus alikuwa amechukua mgodi kutoka kwa umma kwa mina 90, yaani drakma 9,000. Alikuwa pia na karakana ya kuchenjulia huko Maroneia pamoja na watumwa 30, lakini vyote hivyo vilikuwa vimewekwa rehani kwa deni la mina 105. Wakopeshaji wapya wawili, Nicobulus na Euergus, walilipa deni hilo kwa njia ya kununua karakana na watumwa, kisha wakampangisha Pantaenetus mali hiyo hiyo kwa drakma 105 kila mwezi, ambayo ni riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mambo yalipoharibika, Pantaenetus alidai kwamba mtumwa wake aliyekuwa amebeba fedha ya kulipa awamu ya umma alinyang'anywa njiani, na kwamba kwa sababu hiyo yeye aliandikwa kuwa mdaiwa wa umma kwa kiasi maradufu. Katika ugomvi huu mmoja tunaona safu nzima: mji unadai awamu yake, mkopeshaji anadai riba yake, mwenye mgodi anategemea mbale itoke kabla ya tarehe, na chini kabisa kuna watu 30 wanaouzwa na kupangishwa pamoja na majengo.

Watu hao ndio waliochimba. Mashimo ya kuingilia yalikuwa ya pembe nne, yamekatwa wima kwenye marumaru kwa nyundo na patasi kwa unadhifu unaowashangaza wahandisi hadi leo, na baadhi yanashuka zaidi ya mita 100. Kutoka hapo zilikwenda njia za kando ambazo nyingi hazikufikia kimo cha mita moja, na mtu aliyefanya kazi humo alilala au kuchutama, taa ndogo ya mafuta ikiwa kando yake. Mbale ilipandishwa juu kwa vikapu, ikapondwa na kusagwa, kisha ikapelekwa kwenye mialo ya kuoshea. Mialo hiyo ni fahari ya ufundi wa Laurion. Katika nchi isiyo na mto, mvua ilikusanywa kwenye mabirika makubwa yaliyopigwa lipu isiyopitisha maji. Maji yaliachiwa kupitia matundu membamba yakasukuma unga wa jiwe, risasi nzito ikabaki nyuma na mchanga mwepesi ukaenda. Kisha maji yakazungushwa katika mifereji na visima vya kutuamisha tope, yakachotwa na kutumiwa tena. Mabaki ya mialo zaidi ya 200 yamegunduliwa. Baada ya kuosha palikuwa na tanuri, ambapo mbale iligeuzwa risasi yenye fedha, na baada ya hapo kuyeyusha kwa mara nyingine huku hewa ikipulizwa juu ya risasi hadi igeuke oksidi na kuondoka, ikiacha donge dogo la fedha safi. Mahali palisifika kwa ubaya wa hewa yake; Socrates, katika mazungumzo yaliyoandikwa na Xenophon, analitaja jambo hilo kuwa linajulikana na watu. Moshi wa risasi wa enzi za Wagiriki na Warumi umepimwa katika barafu ya Greenland, maelfu ya kilomita kutoka huko.

Xenophon ametuachia pia hesabu ya biashara ya watu. Nicias, jemadari wa karne ya 5, alikuwa na watumwa 1,000 migodini, na aliwakodisha wote kwa mtu aitwaye Sosias wa Thrace kwa oboli 1 kwa kila kichwa kwa siku. Hipponicus alikuwa na watumwa 600, Philemonides 300, kwa masharti yale yale. Kwa Nicias hiyo ilikuwa zaidi ya drakma 166 kila siku, takriban talanta 10 kwa mwaka, bila yeye kukanyaga shimoni. Lakini kipengele kinachostahili kusomwa mara mbili ni kile kinachosema kwamba idadi ya watumwa ilipaswa kubaki ile ile wakati wote. Maana yake ni kwamba aliyekufa au kutoroka alipaswa kufidiwa na mkodishaji. Kifo kilikuwa kimeingizwa katika mkataba kama uchakavu wa chombo. Si kwamba wote walikuwa vibarua wa nguvu tu: Nicias huyo huyo inasemekana alilipa talanta nzima kwa ajili ya msimamizi mmoja wa migodi. Na karibu na Laurion ilipatikana jiwe la kaburi la karne ya 4 KK la mchimbaji Atotas, mtu wa Paphlagonia kwenye Bahari Nyeusi, ambaye shairi la kaburi lake linajivuna kwamba hakuna aliyemshinda kwa ufundi na kwamba yeye ni wa uzao wa Pylaimenes, shujaa aliyekufa katika vita vya Troy. Kati ya maelfu waliopita katika mashimo yale, huyu ni mmoja wa wachache sana ambao jina lao limetufikia.

Sasa tunaweza kulijibu swali la umuhimu wa kiuchumi bila kulirahisisha. Mtu akiangalia kodi za migodi peke yake atadhani Laurion ilikuwa chanzo cha wastani cha mapato, maana katika karne ya 5 ushuru kutoka miji iliyo chini ya Athens, uliopangwa mwanzoni kuwa talanta 460 kwa mwaka, ulikuwa mkubwa zaidi. Faida halisi ilipita njia za mzunguko. Fedha iliyotoka tanurini iligeuzwa sarafu yenye kichwa cha Athena upande mmoja na bundi upande wa pili. Sarafu kubwa, ya drakma 4, ilikuwa na uzito wa gramu 17 na kidogo, na ilikuwa karibu safi kabisa. Attica haikuweza kujilisha. Demosthenes anataja medimno 400,000 za nafaka, kipimo ambacho kimoja ni kama lita 52, zilizoletwa kila mwaka kutoka ufalme wa Bosporus kwenye Bahari Nyeusi. Xenophon anaeleza kwa nini meli zilikuja kwa hiari: katika miji mingi mfanyabiashara aliyeuza bidhaa alilazimika kununua bidhaa nyingine ya kurudi nayo, kwa kuwa pesa za mji huo hazikufaa kwingine, lakini aliyeuza Athens aliweza kuondoka na fedha tu, akaiuza popote kwa zaidi ya alivyoipata. Fedha, kwa maneno mengine, ilikuwa zao la biashara la Attica kama karafuu ilivyokuja kuwa kwa Zanzibar, na kila meli iliyoifuata ililipa ushuru wa bandari Piraeus, ikakodi maghala, ikalisha wachukuzi.

Sifa ya bundi ilifika mbali. Walioiga sarafu hiyo walikuwa Misri, nchi za Shamu na hata kusini mwa Bara Arabu, ambako falme za Yemen ya leo zilipiga bundi wao wenyewe. Kwa kuwa sifa hiyo ilikuwa mali, Athens iliilinda. Sheria ya mwaka 375/4 KK, iliyopatikana ikiwa imechongwa kwenye jiwe katika Agora, iliweka mpimaji wa sarafu sokoni na mwingine Piraeus, ambao ni watumwa wa umma. Sarafu nzuri ilirudishwa kwa mwenyewe na muuzaji alilazimika kuipokea. Ile yenye shaba au risasi ndani ilikatwa palepale kwa patasi na kuwekwa wakfu kwa Mama wa Miungu isirudi tena katika mzunguko.

Ukubwa wa utegemezi huu ulidhihirika ulipokatika. Merikebu moja ya vita ilikuwa na watu 200, na kwa mshahara wa drakma 1 kwa siku kila mmoja, iliteketeza talanta nzima kwa mwezi. Mwaka 413 KK Wasparta, waliokuwa vitani na Athens, walijenga ngome ya kudumu huko Decelea, kaskazini mwa Athens. Alcibiades, Mwathene aliyekimbilia kwao, alikuwa amewaambia mapema kwamba wakifanya hivyo wataikata Athens na mapato ya migodi ya Laurion. Mwanahistoria Thucydides anasema zaidi ya watumwa 20,000 walitoroka, wengi wao wakiwa mafundi. Ndani ya miaka michache mji ulilazimika kuyeyusha dhahabu ya sanamu za mungu wa kike wa Ushindi kupiga sarafu, na ukafikia kutoa sarafu za shaba zilizopakwa fedha juu. Mji uliokuwa umeufanya usafi wa sarafu zake kuwa jina lake sasa uliwapa raia wake pesa ambayo Aristophanes, katika tamthilia ya mwaka 405 KK, anailinganisha na wanasiasa wabovu. Mwaka uliofuata Athens ilisalimu amri. Watumwa hawakuwa wameipiga vita, waliondoka tu.

Ilichukua zaidi ya miaka 50 kwa migodi kurejea katika nguvu. Xenophon alipendekeza mji wenyewe ununue watumwa, uanze na 1,200, ufike 6,000 katika miaka mitano au sita, kisha uwakodishe kwa oboli 1 kwa siku kama alivyofanya Nicias, hadi kila raia awe na watumwa watatu wa kumlisha. Watumwa 10,000, anasema, wangeleta talanta 100 kwa mwaka. Hesabu ni sahihi kwa mwaka wa siku 360. Inasikitisha kuona akili nzuri namna ile, ambayo ilielewa mtaji, hatari na soko kuliko wengi wa zama zake, ikishindwa kuuliza lolote kuhusu watu hao 10,000. Mpango haukutekelezwa. Ufufuo ulikuja kwa njia ile ile ya zamani, mikataba na wakodishaji binafsi, na kumbukumbu za mawe zinaonyesha shughuli kubwa zaidi katika miaka ya 340 KK.

Baadaye dhahabu na fedha nyingi za Makedonia na za hazina za Uajemi ziliingia sokoni, na kina cha mashimo kikazidi kugharimu. Mwishoni mwa karne ya 2 KK watumwa wa migodini waliwaua walinzi wao, wakaiteka ngome ya Sounion na kuishikilia kwa muda mrefu. Strabo, aliyeandika yapata enzi ya Augustus, anasema migodi ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakiyeyusha tena takataka za zamani, kwa kuwa wazee wa kale hawakujua kuchenjua vizuri. Wachimbaji wa Geita wangeiita kazi hiyo marudio.

Marudio hayo hayakuishia kwa Strabo. Katika miaka ya 1860 Mwitalia Giovanni Battista Serpieri alifika Laurion, akaona vilima vya masalia ya tanuri za kale bado vina risasi na fedha ya kutosha kulipa, akaanzisha kampuni na kuviyeyusha. Palikuwa pia na marundo ya kifusi kilichotupwa nje ya mashimo na wachimbaji wa kale, na juu ya marundo hayo ukazuka mgogoro: kibali cha kampuni kilihusu masalia ya tanuri na mashimo, basi kifusi kilicholala juu ya ardhi ni cha nani? Sheria ya Ugiriki ya mwaka 1871 ilikitangaza kuwa mali ya dola, Italia na Ufaransa zikaingilia kati kuitetea kampuni, serikali mjini Athens zikatikisika, na suala likatulia mwaka 1873 tu, pale tajiri wa benki Andreas Syngros aliponunua biashara yote.